Uzi: Roshani ndogo ya ghorofani kwa mtindo wa shamba

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu (mwanzisha uzi):

Assalaam alaykum wanabaraza. Naomba kuanzisha uzi kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwangu limekula Jumamosi nyingi za miaka miwili iliyopita, nalo ni namna ya kuipamba roshani ya nyumba ya ghorofa ili ikae na kunukia kama kibaraza cha nyumba ya shamba. Ninakaa Michenzani, mjini Unguja, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na roshani yangu ina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.1. Kabla ya kuishughulikia ilikuwa ghala la ndoo zisizo na mishikio, jiko la mkaa lililopasuka na baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko chuoni, na juu ya yote hayo ilipita kamba ya kuanikia nguo.

Nianze na nilivyokosea. Mwanzoni niliiga picha. Wenzetu wa Ulaya wana mtindo wao wa nyumba za mashambani, hasa Waingereza na watu wa kusini mwa Ufaransa: viti vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe kisha vikakwaruzwa makusudi vionekane vya zamani, kitambaa cha mirabamiraba mezani, kopo la bati la kumwagilia maji, na vyungu vya maua ya zambarau ya lavenda. Nikanunua viti viwili vya chuma na kimeza chake. Msimu mmoja wa kusi, ule upepo wa kusini, ulitosha. Hewa ya chumvi iliingia penye kila mkwaruzo, mvua ikaichuruza kutu hadi sakafuni, na madoa yake manane, moja kwa kila mguu wa kiti, yalibaki hapo mpaka sakafu ilipopigwa upya. Lavenda nayo, mmea wa nchi zenye kiangazi kikavu, ilioza mizizi kabla masika hayajafika katikati.

Ndipo nikajiuliza shamba langu mimi ni lipi. Nimelelewa Pemba, upande wa Wete, kwa bibi mzaa mama. Shamba ninalolijua ni kibaraza kilichosiribwa kwa udongo, kitanda cha kamba kinachotolewa nje alasiri, mrehani kando ya mlango, kandili iliyoning'inia kwenye nguzo, na msimu wa karafuu majamvi yaliyotandazwa kila penye jua mpaka mtu hana pa kupita. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichowekwa kuwa pambo. Nilipozitazama tena zile picha za ugenini niliona kwamba na wao wameweka vitu vya bibi zao. Kosa lilikuwa langu, kutaka kuishi na vitu vya bibi wa watu.

Kazi yenyewe niliianza kwa kukaa kitako na kutazama. Roshani yangu inatazama kusini. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba. Baina ya Oktoba na Machi jua linakuwa upande wangu na kaskazi, upepo wa kaskazini, inavuma kutoka nyuma ya jumba. Baina ya Machi na Oktoba jua linahamia kaskazini, ukuta wangu unabaki kivulini, na upepo wa kusi unaleta mvua hadi mlangoni. Mtu mwenye roshani inayotazama kaskazini atakuta kinyume chake, na mwenye kutazama mashariki au magharibi anapata jua la nusu siku mwaka mzima. Asiyelijua hili atanunua mimea mwezi wa Januari kwa kuhesabu jua ambalo Juni hatalipata.

Baada ya hapo nilitafuta pa kukaa, kwa sababu roshani isiyokalika hurudi kuwa ghala. Nilimwagiza fundi anitengenezee benchi la mbao lenye kiunzi cha kitanda cha kamba, lililotandwa kwa kamba ya makumbi, urefu sentimita 105 ili likae upana mzima wa roshani kule mwisho, kina sentimita 50, na kimo sentimita 38 kwa kuwa juu yake kuna takia. Utandaji wa kamba nimeuchagua kwa sababu mvua ikipiga maji yanapita chini, hayatuami kama yanavyotuama juu ya ubao. Lilipoletwa likawa zuri ajabu, isipokuwa mlango wa roshani unafungukia nje, nami nilipima kila kitu isipokuwa mlango. Kwa wiki mbili tulikuwa tunaingia roshanini ubavuubavu kama kaa, mpaka bawaba zilipohamishwa mlango ukafungukia ndani.

Takia lina usufi, na foronya zake ni za kanga mbili kuukuu za marehemu bibi ambazo maandishi yake yamefifia. Chini ya benchi kuna nafasi ya kikapu cha zana na gunia la udongo. Kimeza sina, nina kigoda kimoja kinachotosha sinia ya chai na vikombe viwili, na wageni wakizidi wawili tunahamia ndani.

Hayo ndiyo ya mwanzo. Nitaeleza ya mimea nikipata nafasi, na ninakaribisha wakosoaji.

Binti Wete:

Waalaykum salaam, Mwalimu. Nimeusoma uzi wako nikakumbuka nyumbani, ingawa nyumbani ndipo nilipo. Nina neno moja la kupinga kabla hujaliandika, kwa maana ninalijua linakuja. Siku hizi kila anayetaka mtindo wa shamba anakwenda kumuomba bibi yake kinu, anakipaka vanishi na kukisimamisha pembeni na maua makavu ndani. Mimi nikikiona kinu kisichotwangiwa naona msiba. Ikiwa umeweka kinu, tafadhali kitoe au utwangie.

Swali langu ni la jamvi. Mikeka ya ukindu niliyotandika roshanini kwangu ilishika kuvu jeusi ndani ya masika moja, na sikuweza kuisafisha. Wewe ulifanyaje?

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Dada yangu, umenikamata. Kinu kilikuwapo, na vanishi nilipaka. Kimekaa miezi minne kikikusanya vumbi na mbu, kisha mama mmoja wa jengo la pili akaja kukiazima kwa ajili ya kisamvu cha harusi na sikukidai tena. Mbuzi ya kukunia nazi nimeibakisha, kwa kuwa ninaikalia na kuikunia kila Ijumaa, na roshanini ndiko mahali pake hasa maana machicha hayamwagiki jikoni.

Kuhusu jamvi, siliachi limetandikwa muda wote. Sakafu ya saruji niliipiga upya kwa rangi nyekundu ya saruji, kama zile sakafu za nyumba kongwe ambazo mama zetu walikuwa wakizisugua mpaka ziakisi sura, na fundi akaweka mteremko mdogo kuelekea tundu la maji. Sakafu hiyo yenyewe ndiyo pambo. Jamvi linaning'inia ukutani kwenye misumari miwili ya mbao, linateremshwa alasiri na kupandishwa baada ya magharibi. Majani ya ukindu hayaozi kwa kulowa mara moja. Huoza kwa kulala juu ya sakafu yenye unyevu usiku kucha bila hewa kupita chini. Lile lililokwisha shika kuvu jaribu kulisugua kwa maji ya ndimu na chumvi na kulianika juani siku nzima, lakini doa jeusi lililoingia ndani ya jani halitoki.

Seremala Mstaafu:

Nimefuatilia kwa makini. Kwa kuwa mbao ndiyo iliyonilea, niruhusiwe kueleza kidogo, kwa sababu wengi watakaosoma hapa watakwenda kwa fundi bila kujua waombe nini.

Mbao ya mwembe ni rahisi na ina rangi ya kupendeza, lakini nje haidumu. Wadudu wanaipenda na maji yanaiozesha. Ombeni mfenesi, ambao unapokatwa ni wa manjano kisha hewa na mwanga vinaugeuza kuwa wa hudhurungi, au mninga kutoka bara. Nguzo nyembamba za mvinje zinafaa kwa viunzi vya kutambazia mimea. Muhimu zaidi ya mbao ni viungo: kiungo cha ulimi na tundu chenye kigingi cha mbao hakina cha kushika kutu, ilhali msumari wa kawaida karibu na bahari huvimba kwa kutu na kuipasua mbao kutoka ndani. Ikibidi msumari, uwe uliopakwa zinki.

Mafuta ya kupaka mbao yawe ya kitani, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja iachwe ikauke. Mafuta ya nazi huchacha. Na kwa kuwa kuna kijana mmoja aliniuliza juzi, ninaliweka wazi hapa: sifa inayopakwa majahazi hutokana na mafuta ya papa, inalinda mbao vizuri sana, na ukiipaka roshanini hutapata mgeni tena maisha yako.

Mwalimu hujasema ukuta wako umeufanyaje. Naona watu wanataka chokaa kwa kuwa kinaipa nyumba sura ya zamani.

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Maalim wetu seremala, nilitaka kuuruka ukuta kwa aibu. Nilipaka chokaa chenye nili kidogo, nikapata rangi ya samawati iliyopauka ambayo kwa wiki sita ilikuwa inamsimamisha kila anayepita. Kisha ikaanza kubanduka magamba kama samaki.

Seremala Mstaafu:

Bila shaka chini yake palikuwa na rangi ya plastiki. Chokaa kinashika kwa kunywewa na ukuta. Kinapenya, kinavuta hewa, kinarudi kuwa kitu cha jamii ya jiwe. Ukuta uliozibwa na rangi ya plastiki hauwezi kukinywa, kwa hivyo kinakaa juu kama unga. Ndiyo maana kinakubali vizuri kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, na kuta hizo nazo zinaharibika zikipigwa saruji au rangi ya plastiki, maana unyevu ulio ndani unakosa pa kutokea.

Anayetaka kufanya kwa usahihi akwangue rangi yote mpaka plasta ionekane, alowanishe ukuta, apake chokaa chepesi kama maziwa asubuhi au jioni, si jua likiwa kali, na arudie mara tatu au nne kwa siku tofauti. Asiogope kikionekana kama maji kinapopakwa, kwani weupe hutokea kikikauka. Avae miwani na glovu, kwa sababu chokaa kinaunguza macho na ngozi. Plasta ya saruji inakipokea pia, ingawa si kwa mapenzi kama plasta ya chokaa.

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Sikukwangua. Nimepaka rangi ya kawaida isiyong'aa, nyeupe iliyoegemea maziwa, na nimeridhika. Ile samawati nimeihamishia kwenye ubao wa dirisha tu.

Mpangaji wa Mji Mkongwe:

Nawasalimu nyote. Mimi nimepanga chumba katika nyumba ya zamani maeneo ya Mji Mkongwe, na roshani yangu ni ya mbao, yenye nakshi za kimia, imechomoza juu ya kichochoro. Nimependa habari ya benchi na vyungu. Je, ninaweza kufanya kama Mwalimu, na ninaweza kutundika vyungu upande wa nje ili wapita njia nao wafurahi?

Seremala Mstaafu:

Mwanangu, hapana kwa yote mawili, na nitakueleza sababu. Roshani yako imebebwa na mbao zilizochomoza kutoka ukutani, na hujui zilipoingia ukutani zina hali gani. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inakaribia kilo 35. Sita kati ya hizo ni sawa na kukaribisha watu watatu wazima ambao hawaondoki. Hata roshani ya zege inataka adabu: mzigo ulioko ukingoni unaivuta zaidi kuliko ule ule ukiwekwa karibu na ukuta wa nyumba, kwa hivyo vizito vikae ndani na vyepesi nje. Ukiona zege linabanduka chini ya roshani na nondo zenye kutu zinachungulia, usiweke hata chungu kimoja mpaka fundi wa majengo ameitazama, kwani nondo ikishika kutu inavimba na kulipasua zege lililoifunika.

La pili, Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na mabadiliko ya sura ya nje ya nyumba yanahitaji idhini ya Mamlaka yake. Zungumza kwanza na mwenye nyumba. Lakini usisikitike, kwa sababu wewe unacho ambacho Mwalimu anakitafuta: hicho kimia. Kilitengenezwa ili watu wa ndani wapate upepo na watazame njia bila wao kutazamwa. Weka takia chini, mkeka, vichungu viwili vya mrehani karibu na mlango, na usitoboe chochote.

Binti Wete:

Hapo Maalim amegusa jambo ambalo picha za ugenini hazilifikirii, nalo ni sitara. Kule mtu anakaa roshanini na kofia yake ya jua akinywa kahawa, na jirani anampungia mkono. Kwetu mwanamke hatakaa roshani iliyo wazi kila upande, hata uipambe vipi. Ataipamba, ataipiga picha, na chai atakunywa ndani. Mwalimu, ghorofa ya tatu pale Michenzani unatazamana na jumba la pili. Umejisitiri na nini?

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Nilijaribu mambo matatu. La kwanza lilikuwa pazia la merikani, kitambaa kile cha pamba kisichopaushwa, ambalo kwenye kaskazi lilikuwa zuri kama tanga na kwenye kusi likawa tanga kweli. Lilinipiga usoni na kuangusha kikombe. Nikatia mchanga kwenye upindo wa chini, likatulia kiasi. La pili lilikuwa pazia la mianzi ya kukunja, ambalo linaziba vizuri lakini linaziba na upepo, na Februari hakuna asiyetaka upepo.

La tatu ndilo lililobaki. Nilinunua ukili mpana, ule uliosukwa tayari kwa kushonea mikeka, nikaukata vipande na kuusuka upya kwenye fremu ya fito za mvinje kwa kuacha nafasi za vidole viwili baina ya kila kipande. Fremu moja inasimama nyuma ya benchi, upande wa jumba la pili, na asumini inapanda juu yake. Ukikaa umesitirika, ukisimama unaona mpaka barabarani. Ukili wenyewe unapauka na kukatika, nao nitaubadilisha kila baada ya misimu miwili, jambo lisilonisumbua kwa sababu mkeka nao hubadilishwa.

Mpenda Maua:

Mwalimu, bado tunasubiri mimea. Mimi ninapenda harufu kuliko rangi. Nina mpango wa kupanda mlangilangi, mkadi na vanila kwenye roshani yangu ya Kiembesamaki ili niwe na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vyangu mwenyewe. Mnaonaje?

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Ndugu yangu, nia yako ni njema, lakini umechagua miti miwili na mtambazi mwenye masharti. Mlangilangi ni mti unaopita mita 10. Ukiubana ndani ya ndoo utakuwa na mgonjwa, si mti. Mkadi una majani yenye miiba pembeni na mizizi inayotaka kusimama kama miguu, nao unahitaji ua, si roshani. Vanila inawezekana kwa majani yake tu, kwa kuwa inapenda kivuli na unyevu, lakini inatambaa mita kadhaa kabla ya kufikiria kuchanua, na hapa kwetu ua lake linalofunguka siku moja halizai mpaka lichavushwe kwa mkono. Ukitaka kikuba cha roshanini, panda asumini na mrehani, na vilua uvipate kwa jamaa wa shamba.

Yangu ni hii. Asumini moja iko katika ndoo ya lita 20. Inataka jua, kwa hivyo kwangu inachanua kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Machi, kisha miezi ya kusi inabaki majani matupu. Mwaka wa kwanza nilidhani imekufa na nikaimwagia mbolea mpaka ikaungua ncha. Vitumba vyake vichumwe alasiri vikiwa bado vimefumba, vitafunguka ndani ya nyumba usiku. Mrehani nina vichungu vitatu, na siri yake ni kukata ncha kila inapotaka kutoa ua. Ukiiacha ichanue inakomaa na kuwa miti. Mnanaa unavumilia kivuli changu cha Juni kuliko yote, lakini una tabia ya mgeni anayehamia, basi upewe chungu chake peke yake. Mchaichai uko karibu na mlango kwa ajili ya chai, na pilipili moja kichaa ambayo ndege wanaijua kuliko mimi. Mwaridi niliutoa. Ulikuwa mwekundu, wa kupendeza, na kila baada ya wiki ulikuwa na madoa meusi majanini kwa unyevu. Nimempa shangazi yangu wa Makunduchi mwenye nafasi na subira.

Udongo ninauchanganya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na moja ya makumbi yaliyochambuliwa, ambayo yanapunguza uzito na kushika maji. Angalizo: makumbi yanayofukiwa pwani ili yalainike kwa kusuka kamba yamekunywa maji ya bahari. Yaloweke katika maji matamu na kuyamwaga mara tatu kabla ya kuyatumia, la sivyo utapanda mmea ndani ya chumvi. Ndoo za plastiki nimezificha ndani ya mapakacha, na hili ndilo pambo rahisi kuliko yote niliyojaribu: pakacha linaanza kijani, linageuka dhahabu, linageuka kahawia, na baada ya wiki chache linatupwa na kuletwa jingine. Vyungu vya udongo ni vizuri zaidi kwa macho, lakini kwenye kaskazi vinakauka haraka mno. Vyangu ninavimwagilia asubuhi na jioni. Vile vifuu vya kuning'iniza vyenye mche ndani, ambavyo kila mtu anavipenda kwenye picha, vinakauka kabla ya adhuhuri. Nilivitupa.

Jirani wa Chini:

Assalaam alaykum. Nimeonyeshwa uzi huu na binti yangu, nami nimetambua benchi hilo kwa kuwa liliningoja ngazini siku nzima. Sina ugomvi na Mwalimu, ambaye ni mtu wangu wa siku nyingi. Ninaomba tu itajwe kwamba maji ya saa kumi na mbili asubuhi yanashuka hadi kwenye nguo zangu.

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Niwie radhi sana, jirani yangu. Ni haki yako, na limeshatengenezwa: kila chungu sasa kina kisahani, na ninamwagilia kwa kata ya kifuu badala ya mpira.

Kwa wengine, visahani vina hatari yake. Mbu wa madoadoa meupe, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, anataga kwenye maji machache kama hayo, na kutoka yai hadi mbu kamili ni siku saba hadi kumi. Mimi ninavimwaga na kuvisugua kila Ijumaa asubuhi. Kusugua kuna sababu, kwani mayai yanagandia pembeni na hayafi kwa kumwaga maji tu.

Mpangaji wa Mji Mkongwe:

Nimefanya kama Maalim alivyosema, nimepata kona ya kukaa. Limebaki swali la mwanga. Nilifikiria kandili halisi ya mafuta ya taa, na paa dogo la makuti kwa ndani ili pawe na sura ya banda.

Binti Wete:

Moto chini ya makuti, ndani ya roshani ya mbao, katika mtaa ambao vichochoro vyake havipitishi gari? Kandili weka, lakini toa utambi na utie taa ndogo ya betri. Makuti acha. Huku kwetu makuti yanaezekwa mahali penye mteremko na hewa, na bado yanadondosha vumbi na kufuga mijusi. Juu ya kikombe cha chai hayapendezi.

Mimi nimeona mtu ametundika kawa kama kivuli cha taa, na watu wanasifu. Sipendi. Kawa ni la kufunikia chakula.

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Hapo tutatofautiana, dada. Kawa langu limepasuka upande na halifuniki tena chakula; nimelipa kazi ya pili, na usiku mwanga unaotoka kwenye matundu ya ukili unachora ukuta mzima. Kitu kilichochoka kazi yake ya kwanza kikipata ya pili sioni kosa. Lingekuwa jipya, lililonunuliwa ili litobolewe kwa taa, ningekubaliana na wewe.

Binti Wete:

Sawa, lakini nikija nitalifumbia macho.

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Nimerudi baada ya masika kuleta taarifa. Benchi limevumilia, kamba zililegea kwa mvua na nimezikaza mara moja. Takia la usufi niliacha nje usiku mmoja, na usufi uliolowa ukagandamana madonge madonge. Ilinibidi niufumue, niuanike ukuta kwa ukuta na kuuchambua kwa mkono siku mbili. Sasa takia linalala ndani. Foronya moja ya kanga imechanika, nami nimeitia kiraka cha kanga ya pili. Mrehani mmoja umekufa, miwili imerefuka ikitafuta jua. Kamba ya nguo imerudi, kwa sababu nguo lazima zianikwe, ila nimeipandisha juu kwa kapi mbili za mbao ili ishuke asubuhi na kupanda alasiri, na ikiwa juu haionekani ukikaa.

Jirani wa Chini:

Shukrani kwa visahani, nguo zinakauka. Binti yangu anauliza kama asumini inaweza kuoteshwa kutoka kwa yako, maana harufu ya mwezi wa Januari ilikuwa inatufikia sisi kabla ya kukufikia wewe.

Mwalimu wa Ghorofa ya Tatu:

Inaweza. Nimeshamkatia vipande vitano vya shubiri moja kila kimoja, kutoka matawi yasiyo laini sana wala yasiyokomaa, nikaacha majani mawili ya juu tu. Avichomeke nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, kopo likae kivulini na mchanga usikauke, na asiving'oe kuchungulia mizizi kabla ya wiki sita. Viko mlangoni kwangu ndani ya kopo la maji. Aje avichukue kabla ya magharibi, na akumbuke kurudi na sahani yangu ya bokoboko.